Saba wa Jumamosi

Watu wa Ikonge siku hizi wanapenda kusema kwamba hasira ya Momanyi ilianza uwanjani. Uongo mtupu! Ilianza Alhamisi mchana, katika duka la vifaa vya ujenzi la Gibson Omosa, katikati ya mabati na mifuko ya saruji, na mtu yeyote mwenye damu mwilini angekasirika vilevile.

Momanyi ni fundi wa mbao. Wakati huo alikuwa pia shemasi wa kanisa la Sabato, mtu wa kufungua madirisha na kupanga viti kabla ya ibada, na alikuwa kocha wa Ikonge Chipukizi. Timu hiyo aliiokota kwenye vumbi la kituo cha kupimia majani chai, vijana wakipiga mpira wa makaratasi huku wakingoja lori, akaipandisha ngazi kwa ngazi mpaka ikaingia ligi ya taifa ya daraja la pili. Hebu fikiria, Ikonge ikitajwa redioni pamoja na timu za Nairobi na Mombasa! Uwanja wao wa nyumbani ng'ombe hulala katikati, kwa hiyo ligi iliwataka wachezee mjini Kisii, wakakubali. Jambo moja tu hawakulikubali tangu mwanzo, nalo ni kucheza Jumamosi. Wachezaji wengi ni Wasabato, waliozaliwa na Wasabato. Ligi ilielewa, na mechi zao zikawa za Jumapili.

Msimu ulikuwa umebakisha mechi moja, dhidi ya timu moja kubwa ya Nairobi iliyotaka ushindi ili ipande daraja. Chipukizi hawakuhitaji kushinda. Pointi za kubaki kwenye ligi walikuwa nazo tayari. Walichohitaji ni kufika tu, kwa maana sheria ya ligi ilikuwa kali: timu ikikosa kufika uwanjani mara tatu katika msimu, inatupwa nje, inarudi kuanza na timu za vijiji. Chipukizi walikuwa wamekosa mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara. Mara ya pili basi aliloahidi mwenyekiti halikuonekana, na mwenyekiti akasema alipitiwa na usingizi.

Mwenyekiti mwenyewe ndiye huyo Gibson, mzee wa kanisa hilohilo la Sabato.

Basi Alhamisi hiyo Momanyi alikuwa akipiga randa mbao za kitanda, kipa wake Angwenyi ameketi kwenye benchi akimsimulia mambo ya mjini, simu ikaingia ujumbe kutoka kwa katibu wa ligi. Mechi ya mwisho imesogezwa. Badala ya Jumapili ni Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa ridhaa ya klabu mwenyeji.

"Klabu mwenyeji si ni sisi?" Angwenyi akauliza.

Momanyi aliitupa randa, akavuka barabara na vumbi la mbao kichwani, Angwenyi nyuma yake.

Gibson alikuwa akimpimia mteja nyaya. Alipowaona alitabasamu, maana Gibson hutabasamu hata akikukanyaga. "Shemasi! Karibu."

"Mwenyekiti, nani amekubali tucheze Sabato?"

"Punguza sauti, kuna mteja."

"Nakuuliza nani amekubali!"

Gibson alimaliza kukata nyaya, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni, akarudi akijipangusa mikono. "Mimi. Lakini elewa vizuri, ndugu yangu. Mimi sikusema tucheze. Wale wakubwa wa Nairobi waliniomba siku ibadilishwe, nikawaambia wapange watakavyo. Sisi hatutacheza. Sabato tutaitunza kama kawaida. Sasa hapo nani ametenda dhambi?"

Momanyi alimtazama mtu huyo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. "Tusipofika ni mara ya tatu. Tunatupwa nje. Unajua?"

"Najua."

"Na wao wanapata pointi bila kutoa jasho."

"Mpira ni siasa, Momanyi. Mwezi ujao kuna uchaguzi wa kamati ya ligi. Nikiingia kule juu, nani atafaidika? Si nyinyi? Nitawarudisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu." Akampigapiga begani, mwanaharamu yule. "Uwe na subira. Subira huvuta heri."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakukosea. Mtu ameiuza timu kwa ahadi ya kiti, na bei aliyolipa ni Sabato ya watoto wa wenzake! Alijua hawatacheza. Alitegemea kwamba ni waaminifu. Huo uaminifu wao ndio aliouweka mezani. Momanyi alitaka kusema hayo yote, lakini aligeuka akatoka, akajigonga goti kwenye toroli la kubebea saruji na hata hakusikia maumivu.

Jioni alimweleza mama yake, Kwamboka, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye hajawahi kupika siku ya Sabato tangu abatizwe. Bibi huyo alikuwa akichambua mboga. Hakuinua macho.

"Usimsingizie mzee wa kanisa."

"Mama, amesema kwa kinywa chake. Angwenyi alikuwepo."

"Angwenyi ni Mkatoliki."

"Kwani Wakatoliki hawana masikio?"

"Nimesema usimsingizie mtu, Momanyi. Na Jumamosi nitakuona kanisani." Akaendelea na mboga zake, na mwanawe akajua mazungumzo yamekwisha.

Lakini neno lile la Mkatoliki lilimkaa kichwani, likamnyima usingizi. Wale wa Nairobi, na Gibson pamoja nao, walihesabu Ikonge nzima kuwa ni Wasabato. Hilo ndilo kosa lao. Ijumaa asubuhi alimwita Angwenyi, wakaanza kuwataja wasiokuwa wa Sabato. Angwenyi mwenyewe, kipa. Eric, winga, mwendesha bodaboda. Fred, beki. Mapacha wawili wa Mama Nyamusi. Na yule kijana mrefu waliyemsajili kutoka Ogembo, ambaye hawakuwahi kumwona akienda kanisa lolote. Sita.

"Mechi inaanza na wachezaji wangapi, kwa uchache?" Angwenyi aliuliza, ingawa alijua.

"Saba."

"Wakipungua saba?"

"Refa anavunja mechi. Na kwa ligi hii ni sawa na kutofika."

Angwenyi akasema polepole kwamba jina la Momanyi bado liko kwenye usajili, kwa sababu msimu ulipoanza hawakuwa na watu wa kutosha wakamwandikisha beki wa akiba, mzee wa miaka thelathini na tisa.

"Usiniambie hilo," Momanyi alisema.

"Sijasema kitu, kocha."

Kabla jua halijazama, Haron, nahodha wa timu, alifika kwake. Baba yake Haron ni mzee wa kanisa pia. Kijana alisimama mlangoni, machozi yanamlengalenga. "Kocha, ukiniambia nicheze, nitacheza. Lakini sitaweza kuingia nyumbani tena."

"Sikuambii ucheze. Simwombi Msabato yeyote acheze. Nenda ukaoge, Sabato inaingia." Kijana akaondoka akijifuta macho, na Momanyi alimlaani Gibson kwa sauti, palepale uani, huku jirani akisikia.

Jumamosi alivaa suti, akafungua madirisha ya kanisa, akapanga viti. Alikuwa ameamua kutulia, haki ya Mungu. Alikuwa amejiambia, timu ikifa na ife, nitaanza tena na watoto wa darasa la nne. Angeketi pale mpaka jioni kama si Gibson kusimama wakati wa ushuhuda.

Gibson alipanda mbele na Biblia kwapani. Alikohoa kidogo. "Ndugu zangu, dunia imetujaribu. Wametuwekea mechi siku ya Bwana, wakidhani tutatamani utukufu wa mpira. Nami nikiwa mwenyekiti nimesema, klabu na ife, ligi na itufukuze, lakini Sabato ya Bwana haitaguswa!"

"Amina!" kanisa likajibu. Akina mama wakapunga leso. Mzee mmoja alitokwa na machozi, akamshukuru Mungu kwa ajili ya viongozi wenye msimamo.

Jamani! Mtu akuibie ng'ombe, kisha asimame mbele ya watu akupe pole, na watu wampigie makofi kwa huruma yake! Momanyi alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Alisimama. Kanisa lote likamgeukia, mama yake akamgeukia kutoka kiti cha mbele na kumkazia macho. Alijua akisema neno moja atasema na matusi. Basi akageuka, akatembea kati ya viti mpaka nje, viatu vikilia kwenye sakafu, na nyuma yake akasikia Gibson akisema kwa upole, "Tumwombee ndugu yetu."

Eric alikuwa kwenye pikipiki kando ya barabara, anangoja, ingawa hakuna aliyemwambia angoje. "Kocha, jezi yako iko na Angwenyi," alisema tu. Momanyi alipanda na suti yake, tai inapepea, na hawakuzungumza mpaka Kisii.

Uwanjani wale wa Nairobi walikuwa wamekwisha kuvaa, wanapiga picha, wanangoja refa atazame saa na kupuliza filimbi ya kuwapa pointi za bure. Basi lao lilikuwa limewashwa injini. Walipoona watu saba wakitoka chumbani na jezi za kijani, kocha wao aliacha kucheka. Alimwendea refa akanong'ona, refa akatikisa kichwa na kunyoosha vidole saba.

Mashabiki walikuwa wachache, madereva wa bodaboda na wauza ndizi. Lakini ibada zilipotoka, barabara iliyo nje ya ua ikaanza kujaa watu wa suti na magauni ya kanisani, wakishuka kutoka kanisa la Sabato la Nyanchwa kama waliokuwa na safari zao. Hawakuingia. Sabato ni Sabato. Ila barabara ni ya serikali, na mtu akisimama kupumzika kando ya ua wenye matundu, nani atamwuliza?

Mechi ilikuwa mateso matupu. Momanyi alicheza beki na miguu ya fundi aliyezoea kusimama karakanani, na kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa manne. "Waacheni wafunge," aliwaambia wenzake, akihema. "Magoli hayatuui. Asianguke mtu, na asitolewe mtu kwa kadi nyekundu. Basi." Wakarudi.

Kipindi cha pili wale wa Nairobi walichoka kufunga. Walitaka kwenda nyumbani. Kocha wao alisimama kwenye mstari akapaza sauti bila aibu: "Mmoja tu! Mwangusheni mmoja tu tuondoke!" Na kweli, kona ilipopigwa, mshambuliaji wao, jitu la shingo nene, lilimrukia Fred kwa goti. Fred alianguka na kupiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Refa akaja. Goti lilikuwa limeanza kuvimba. "Akivuka mstari kwenda kutibiwa, mmebaki sita, navunja mechi," alisema. Hakuwa mtu mbaya, alisema kama anayesikitika. "Anatoka?"

Fred alikuwa akiuma jezi. "Sitoki," alisema. "Nisimamisheni tu."

Wakamsimamisha kwenye nguzo ya goli, akaikumbatia kwa mkono mmoja, mguu umening'inia. Mechi ikaendelea. Na lile jitu, mpira ukiwa mbali kabisa, refa akiwa amegeuka, lilipita pale golini likaukanyaga ule mguu mbovu, makusudi, likacheka.

Momanyi aliliona. Alikuwa hatua tatu tu. Siku zile zote za Gibson, lile tabasamu, lile bega lililopigwapigwa, ile amina ya kanisa zima, vyote vilimjia kwenye ngumi ya kulia. Alimshika yule mtu ukosi wa jezi. Uso kwa uso. Ngumi ilikuwa juu.

"Piga," yule mtu akamnong'oneza. "Nipige, mzee."

"Kocha!" Angwenyi alipiga kelele kutoka golini. "Kocha, sita! Tutabaki sita!"

Mungu ndiye anayejua alivyoushusha ule mkono. Aliushusha, akamwachia yule mtu ukosi, na kwa sababu hasira haikuwa na pa kwenda alijiuma mdomo mpaka damu ikamtiririka kidevuni. Refa alipogeuka aliona mzee anatokwa damu na hakujua ampe nani kadi. Momanyi akaenda kusimama mbele ya Fred, akamkinga kwa mwili wake, na hakutoka pale tena. Mpira ulipita kushoto, ukapita kulia, magoli yakaingia, yeye alisimama palepale akilia kwa hasira kama mtoto.

Filimbi ya mwisho ikalia. Tisa bila. Wale saba walikumbatiana na kulala chini kwenye nyasi, wauza ndizi wakaingia uwanjani wakiimba, na kule barabarani watu wa suti walisahau wanapumzika, wakapiga vigelegele. Wale wa Nairobi walipanda daraja na hakuna aliyewatazama. Chipukizi walikuwa wamefungwa tisa na wamebaki kwenye ligi.

Jua lilipozama tu, simu ya Momanyi ililia. Gibson ni mtu wa kushika sana Sabato, hapokei wala hapigi simu mpaka giza liingie.

"Umeniaibisha mbele ya watu wakubwa," alisema, na safari hii hakukuwa na tabasamu lolote katika sauti. "Unadhani umeshinda? Shemasi mzima, umevunja Sabato mchana kweupe mbele ya halaiki. Tutaonana kanisani."

Walionana. Jumapili ya wiki iliyofuata washiriki wote waliitwa kikao, mchungaji mbele, na hoja ilitolewa na mzee Gibson Omosa: ndugu Momanyi aondolewe ushemasi na ushirika wake. Alisema kwa majonzi makubwa. Alisema anampenda kama mdogo wake. Mchungaji akamwuliza Momanyi kama ana la kujitetea.

Momanyi alisimama, mdomo bado una kidonda. "Nilicheza," alisema. "Sikatai. Nilivunja Sabato nikijua ni Sabato. Lakini mwulizeni huyu ni nani aliyeileta mechi siku hiyo."

"Hilo haliko kwenye hoja," Gibson alisema haraka.

"Haliko kwenye hoja," mchungaji akakubali, naye akionekana kutaka mambo yaishe. "Wanaokubali ndugu Momanyi aondolewe, wainue mikono."

Mikono ilisita. Watu walitazamana. Wa kwanza kuinuka ulikuwa kwenye kiti cha mbele, mkono mwembamba ndani ya sweta iliyofumwa nyumbani, na kanisa likaguna. Ulikuwa mkono wa Kwamboka. Momanyi aliuona mkono wa mama yake, akaketi, akainamisha kichwa. Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja, hata wa Haron ukaenda juu huku kijana amefunga macho. Mchungaji akahesabu, akasema imepita.

Kwamboka hakuushusha wake.

"Mama, tumemaliza," mchungaji alisema kwa upole. "Shusha mkono."

"Sijamaliza." Bibi alisimama, akashikilia kiti, akageuka polepole mpaka akawa anamtazama Gibson. Wala hakupaza sauti. "Gibson, mimi nilimwambia mwanangu asikusingizie. Nilimkemea kwa ajili yako. Sasa niambie hapa, mbele ya hawa. Hao watu walipokuuliza kama siku ibadilishwe iwe Jumamosi, ulisema ndiyo au ulisema hapana?"

"Mama, mambo ya ligi ni marefu, yana taratibu zake..."

"Ndiyo au hapana?"

"Mama yangu, nakuheshimu sana, lakini..."

"Mimi si mama yako! Mama yake huyu ndiye mimi, na nimemwinulia mkono mtoto niliyemzaa, mkono wenyewe huu. Alivunja Sabato, nimesema avunjiwe ushirika. Unadhani nitashindwa kukuinulia na wewe uliyeiuza?" Akagonga kiti kwa kiganja. "Ndiyo au hapana, Gibson Omosa!"

Gibson alifungua Biblia, akaifunga. Alimtazama mchungaji. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na kila aliyekuwa ndani ya kanisa lile aliliona, na kila mmoja alipata jibu lake.

"Basi ndugu," mchungaji alisema, "tusimame tufunge kwa sala."

Hakuna aliyesimama.

"Tusimame," akarudia.

Kwamboka aliketi, mkono wake bado uko juu. Haron akaketi sawasawa, akainua wake. Kisha baba yake Haron. Kanisa zima lilikaa vitini, mikono ikipanda, na kati ya washiriki Gibson akabaki peke yake amesimama.